Kompyuta Kuukuu na Maabara ya Nyumbani

Katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi wa somo la kompyuta huweza kutaja sehemu zote za mashine hiyo na kueleza kazi ya kila sehemu kabla hajapata kushika hata moja. Amejifunza kwa mchoro wa ubaoni. Pale penye chumba cha kompyuta, mashine aghalabu ni chache, na mwalimu aliyekabidhiwa huwajibika kwa kila moja. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya chumba huwa kwamba mwanafunzi asifungue chochote wala asibadili mpangilio wowote. Sheria hiyo ina sababu yake, lakini ina hasara pia: mwanafunzi humaliza shule akijua kutumia kompyuta iliyo nzima, ilhali hajui pa kuanzia siku itakapogoma.

Upungufu huu waweza kuzibwa kwa gharama ndogo. Katika ofisi, maduka na nyumba za Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo kwingineko nchini, zimo kompyuta zilizowekwa kando kwa sababu zimekuwa nzito katika kazi, zimekosa kipuri, au zimepata mbadala mpya. Idadi yake haina budi kuongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, na mashine nyingi zilizokuwa zikiutumia hazikubaliwi na mfumo uliofuata, ingawa vyuma vyake bado ni vizima. Mashine mbili au tatu za namna hiyo, zikiwekwa juu ya meza moja na kuunganishwa kwa waya, zatosha kuwa maabara.

Makala haya yanaeleza namna ya kuanzisha maabara hiyo nyumbani au shuleni, sababu za kila hatua, na mambo ya kujihadhari nayo.

Somo la mwaka 1974

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Wakati huo fedha za kigeni zilikuwa adimu, na jitihada za kuweka hesabu za serikali katika kompyuta zilikuwa zimeleta gharama na matatizo makubwa. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Ni rahisi leo kuicheka amri hiyo. Hata hivyo, nyuma yake lilikuwapo swali ambalo halijaisha: mashine inayonunuliwa ng'ambo, ikatengenezwa na fundi wa ng'ambo kwa kipuri cha ng'ambo, je, ni mali au ni deni? Wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, na mashine isiyo na mtu wa kuielewa humtawala mwenyewe. Mwaka 1967, miaka saba kabla ya marufuku hiyo, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa amekwisha kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka masomo ya darasani yaunganishwe na kazi za maisha. Maabara ya kompyuta kuukuu ni njia mojawapo ya kulijibu swali la 1974 kwa moyo wa waraka wa 1967. Thamani yake haimo katika vyuma vyenyewe. Imo katika ruhusa anayopata mwanafunzi ya kufungua, kukosea, kuharibu na kutengeneza tena.

Mkoa wa Mara wenyewe umekwisha kutoa mfano wa jambo hili kwa kipimo kikubwa. Katika miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm (KTH) ziliendesha mradi wa mawasiliano vijijini katika wilaya za Bunda na Serengeti. Badala ya kuchimba mitaro mipya, watafiti walitumia nyuzi za kioo za shirika la umeme, TANESCO, zilizopita pamoja na njia ya umeme. Moja ya mambo yaliyobainika ni kwamba adui mkubwa wa mtandao wa vijijini ni umeme usio wa kutegemewa. Kwa sababu hiyo watafiti walielekeza nguvu katika vifaa vya bei nafuu vinavyokula umeme kidogo. Mwalimu anayeanza na meza moja nyumbani kwake Bunda atakutana na tatizo lile lile, na atalitatua kwa kanuni zile zile.

Kuchagua mashine

Anayeanza asikusanye mashine nyingi. Mbili zatosha: moja ya kutoa huduma, ambayo huitwa seva, na nyingine ya kuomba huduma. Ya tatu yafaa kuwa ghala la vipuri.

Jambo la kwanza la kuangalia ni umri wa prosesa, yaani bongo kuu la mashine. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotengenezwa tangu mwaka 2006, familia ya Core 2 Duo ilipotokea, zina prosesa ya biti 64, na hizo bado hupokea programu za leo. Zile za biti 32 zimeanza kuachwa. Mathalani, toleo la 12 la mfumo wa Debian, lililotoka mwaka 2023, huweza kusimikwa katika kompyuta za biti 32, lakini toleo la 13, la mwaka 2025, haliwezi.

Jambo la pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Gigabaiti 2 zatosha kwa seva ndogo. Kwa mashine yenye kioo cha kutazamia na programu za kuandikia, 4 ni afadhali. Vijiti vya kumbukumbu vya vizazi mbalimbali havilingani: pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo wa kijiti hukaa mahali tofauti kwa kila kizazi, ili mtu asichomeke kisichostahili. Kijiti kikikataa kuingia kisilazimishwe.

Jambo la tatu ni diski. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na hapo fizikia ya kidato cha tatu yaweza kutumika. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Taarifa inayotakiwa, kwa wastani, iko umbali wa nusu mzunguko, na kuisubiri huchukua kama milisekunde 4.2, mbali na muda wa mkono wa kusomea kusogea mahali pake. Muda huo ni mdogo kwa jicho la binadamu, lakini mashine inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja kina kusubiri kwake. Diski isiyozunguka, iitwayo SSD, haina sahani wala mkono, na kusubiri huko hushuka hadi sehemu ndogo ya milisekunde. Ndiyo maana mwenye fedha ya kununua kipuri kimoja tu aghalabu hufaidika zaidi kwa kubadili diski kuliko kwa kununua kitu kingine chochote.

Mwisho, kompyuta mpakato kuukuu isidharauliwe hata ikiwa kioo chake kimepasuka au baadhi ya vitufe vimekufa. Hula umeme kidogo, na betri yake, ikiwa bado hushika chaji walau ya nusu saa, huivusha kazi umeme unapokatika.

Kufungua na kusafisha

Kabla ya kufungua, waya wa umeme uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yatoke. Aguse kwanza chuma kitupu cha kasha, ili umeme tuli wa mwilini ushukie hapo na si kwenye saketi.

Vifaa viwili havifunguliwi kabisa. Cha kwanza ni pawasaplai, kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani. Kapasita zilizomo ndani huweza kushika umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Cha pili ni kioo cha zamani chenye kisogo, ambacho ndani yake hutumia volti zaidi ya elfu ishirini. Hali kadhalika, betri ya kompyuta mpakato iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa. Iondolewe na kuwekwa mbali na vitu viwezavyo kuwaka.

Yaliyobaki ni halali ya mwanafunzi. Vumbi litolewe kwa brashi laini ya rangi, huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke. Kazi hii si ya urembo. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka joto, na joto hilo lisipotoka, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe au kujizima. Kompyuta nyingi zinazosemwa kuwa zimezeeka zimezibwa pumzi tu. Huko Bunda, vumbi la kiangazi ndilo mkosaji. Kandokando ya ziwa, Musoma, kuna mgeni mwingine: wadudu wadogo wanaotoka majini kwa makundi makubwa yaonekanayo kama moshi, nao hufuata taa usiku. Feni huwavuta ndani pamoja na hewa, wakajazana kwenye mapezi ya chuma ya kupozea prosesa. Kipande cha chandarua kilichotandazwa kwenye dirisha la chumba huwapunguza sana.

Katika bodi mama, mwanafunzi atazame vichwa vya kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo. Vyote viwe bapa. Kilichovimba au kuvuja ni ishara ya bodi inayokaribia kufa. Atazame pia betri bapa kama sarafu, ya volti 3, ambayo huiendesha saa ya mashine inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikiisha, kompyuta huamka ikidhani kwamba ni mwaka wa nyuma kabisa, nayo hukataa kurasa nyingi za intaneti. Sababu yake ni kwamba tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine inayoamini kuwa ni mwaka 2009, cheti cha leo hakijaanza kutumika. Hitilafu inayoonekana kuwa ya mtandao imetokana na betri ya bei ndogo. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo amepata somo kubwa: mahali tatizo linapoonekana sipo lazima mahali lilipozaliwa.

Umeme na radi

Gharama ya kweli ya maabara ni umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikitumia wati 100, na ikiachwa ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30, hula uniti 72. Kompyuta mpakato inayotumia wati 20 kwa muda huo huo hula uniti 14.4. Ile ya wati 100 ikiwashwa saa mbili tu kwa siku hula uniti 6 kwa mwezi. Mwalimu azidishe tarakimu hizo kwa bei ya uniti iliyomo katika risiti yake ya LUKU, kisha aamue ni mashine ipi itakayowaka muda wote na ipi itakayowashwa wakati wa kazi. Hesabu hii ikifanywa mwanzoni huepusha ugomvi wa nyumbani mwisho wa mwezi.

Hatari nyingine ni radi, na watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawana haja ya kuhadithiwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ikavuma kutoka ziwani kuingia bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo ukaelekea ziwani kutoka pande zote, na hewa inayokutana juu ya maji yenye uvuguvugu hupanda na kujenga mawingu mazito. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hilo hupiga usiku na alfajiri, saa ambazo mwenye maabara amelala. Radi haihitaji kuipiga nyumba ili iharibu vifaa. Waya mrefu ulio karibu hupata msukumo wa umeme unaotosha kuunguza saketi. Kinga iliyo nafuu kuliko zote ni kuchomoa, si waya wa umeme pekee, bali pia waya wa mtandao unaotoka nje ya nyumba. Soketi ziwe na waya wa ethi ulio kamili, uliokaguliwa na fundi umeme.

Kuipa mashine uhai

Mashine ikiwa safi, huhitaji mfumo endeshi. Kwa maabara ya kujifunzia, Linux inafaa kwa sababu tatu: hailipiwi, huenda hata katika mashine dhaifu, na hairuhusu tu kutazamwa ndani bali hualika kutazamwa. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Debian, moja ya familia zake kongwe, ilianza mwaka 1993. Wazungumzaji wa Kiswahili nao hawakukaa pembeni mwa programu huria: mwaka 2004, kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili.

Usimikaji hufanywa kwa flashi. Faili ya mfumo hupakuliwa mahali penye intaneti nzuri na kuandikwa kwenye flashi, kisha kompyuta kuukuu huelekezwa kuanzia hapo badala ya diski yake. Mashine itakayokuwa seva isipewe mandhari ya picha. Ipewe mfumo mtupu unaoendeshwa kwa amri za maandishi. Mwanzoni mwanafunzi ataona ugumu. Baada ya wiki chache atagundua kwamba amri huweza kuandikwa daftarini, kurudiwa na kusahihishwa, jambo ambalo ni gumu kufanya na mibofyo ya kipanya.

Kuunganisha mashine mbili

Waya wa mtandao una nyaya 8 zilizosokotwa jozi kwa jozi. Msokoto huo una kazi: kelele za umeme kutoka nje huingia karibu sawasawa katika nyaya zote mbili za jozi, na kifaa kinachopokea hupima tofauti kati yake, hivyo kelele hufutana. Waya wa namna hii haupaswi kuzidi mita 100. Mashine mbili huweza kuunganishwa moja kwa moja. Zikiwa zaidi, huhitajiwa swichi.

Kila mashine hupewa anwani. Katika mitandao ya ndani hutumika anwani zilizotengwa rasmi mwaka 1996 kwa ajili hiyo, zikiwamo zile zinazoanza na 192.168. Seva yaweza kupewa 192.168.10.1 na mashine ya pili 192.168.10.2. Kisha amri iitwayo ping hutuma ujumbe mdogo kutoka mashine moja kwenda nyingine na kupima muda wa kwenda na kurudi. Katika waya mfupi wa mezani jibu hurudi kwa muda ulio chini ya milisekunde moja.

Mara nyingi, siku ya kwanza, jibu halirudi. Hapo ndipo maabara inapoanza kazi yake. Mwanafunzi asibadilibadili mambo kwa kubahatisha. Aanze chini na kupanda: Je, taa ndogo kwenye tundu la waya inawaka? Isipowaka, waya au tundu lina kasoro. Ikiwaka, je, anwani zimeandikwa sawa? Zikiwa sawa, je, kuna ukuta wa programu unaozuia ujumbe? Abadili jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Utaratibu huo ndio ule ule unaotumika katika maabara ya kemia, na ndio unaomtenga fundi na mbahatishaji.

Seva isiyotegemea intaneti

Mtandao wa mezani ukishasimama, lazima upewe kazi ya maana, la sivyo utabaki mchezo. Kazi inayofaa shule za Mara ni maktaba. Programu huria iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha kamusi elezo nzima ya Wikipedia kuhifadhiwa katika faili na kusomwa bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo huweza kuchukuliwa kwa njia hiyo. Faili hupakuliwa mara moja mjini, huletwa kwa flashi, na kuwekwa katika seva. Seva ikiunganishwa na ruta ya mawimbi, hata ruta isiyo na intaneti, wanafunzi husoma kwa kompyuta au simu zilizo karibu pasipo kununua bando.

Ichukuliwe, kwa mfano, shule ya kutwa iliyoko kwenye matale ya Butiama, yenye kompyuta mpakato moja kuukuu ya kutumika kama seva. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha, kwa hesabu kamili, megabaiti 12.5 kwa sekunde; faili ya gigabaiti 5 ingehitaji sekunde 400, yaani chini ya dakika saba. Kwa mawimbi kasi hiyo hushuka, na hushuka zaidi mwamba wa matale ukisimama kati ya ruta na darasa. Wanafunzi wa fizikia wakihamisha ruta kutoka sakafuni hadi juu ya kabati, na kupima tena, wamefanya jaribio la mawimbi lisilohitaji kifaa cha kununua.

Kazi ya pili ya seva ni hifadhi ya nakala. Diski kuukuu hufa bila kuaga. Mwalimu aliyeweka alama za mitihani za miaka mitatu katika mashine moja tu amezitundika kwenye uzi. Kanuni ya kale inafaa: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae jengo jingine. Tena nakala ambayo haijapata kujaribiwa kurejeshwa isihesabiwe kuwa nakala.

Sheria na taka

Uhuru wa maabara una mipaka yake. Majaribio yafanywe katika mashine za maabara pekee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa mtu mwingine bila idhini, hata kama mwanafunzi alitaka kujifunza tu. Kompyuta ya ofisi ya umma ni mali ya umma hata ikiwa mbovu, na haitoki ofisini pasipo taratibu za kuifuta katika daftari la mali. Diski iliyotoka ofisini, dukani au zahanati yaweza kuwa na majina, picha na hesabu za watu. Isifunguliwe kwa udadisi. Ifutwe yote kabla ya kazi nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za namna hiyo.

Vilevile maabara isigeuke jalala. Vioo vya zamani vyenye kisogo vina risasi, na taa za ndani za vioo bapa vya awali zina zebaki. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba, kwa maana moshi wa plastiki yake ni sumu. Shule inapoahidiwa msaada wa kompyuta, iulize kwanza ngapi zinawaka. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 uliwekwa ili Afrika isiwe mahali pa kutupia taka za hatari za wengine. Mkuu wa shule anayekataa lori la mashine zilizokufa analitekeleza lengo hilo langoni kwake.

Majaribio manne kwa wanafunzi

1. Mita nyingi za umeme za kielektroniki zina taa ndogo inayomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja. Ikiwa ni 1,000, kila mmweko ni wati-saa moja, yaani jouli 3,600. Zima vitu vyote isipokuwa kompyuta, pima sekunde kati ya mmweko na mmweko, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 45 huleta wati 80. Rudia kompyuta ikiwa imetulia, kisha ikiwa na kazi nzito.

2. Pima muda tangu mashine iwashwe hadi iwe tayari, mara tano, na utafute wastani. Safisha vumbi, upime tena. Ongeza kumbukumbu, upime tena. Badili diski, upime tena. Chora jedwali, na ueleze ni badiliko lipi lililosaidia na kwa nini.

3. Tumia amri ya ping kwa waya, kisha kwa mawimbi katika umbali wa mita 5, 10, 20 na 40, mahali peupe na nyuma ya ukuta au mwamba. Andika muda wa jibu na idadi ya ujumbe uliopotea.

4. Mwanafunzi mmoja aweke hitilafu moja kwa siri: alegeze kijiti cha kumbukumbu mashine ikiwa imechomolewa, akosee tarakimu ya anwani, au arudishe saa nyuma. Mwenzake aitafute, akiandika kila hatua na sababu ya kuichukua. Alama zitolewe kwa maandishi, si kwa kasi.

Daftari la majaribio hayo litunzwe kuliko mashine zenyewe. Baada ya mwaka mmoja au miwili, huenda kompyuta zote zilizoanzisha maabara zikawa zimekufa, na nyingine kuukuu zimechukua nafasi zake. Mwanafunzi aliyejaza daftari hilo ataweza kuifungua yoyote kati ya hizo, akajua pa kuanzia.